Kituo cha kupima hewa kiliwekwa uwanjani kwa mama yangu Kizota, na mpaka leo sijakisamehe

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba kabisa hata kabla hamjaniamkia.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa napita, nacheka, naondoka zangu. Leo nimeshindwa kupita.

Ninayosimulia niliyaona mwenyewe. Sehemu nisiyoikumbuka vizuri nitasema siikumbuki, sitaipamba. Majina ya ofisi na kiwanda siweki, kwa hiyo msijaze uzi kwa kuuliza "kiwanda gani hicho mkuu". Aliyeishi Kizota enzi za ubinafsishaji atajua, na asiyejua hatapungukiwa kitu.

Kilichoniwasha ni mkutano wa mtaa wetu hapa Nzuguni, juzi juzi tu. Tumeambiwa tunaletewa kituo cha kupima ubora wa hewa. Cha kisasa, kina sola, namba unazisoma kwenye simu yako ukiwa kitandani. Nikapiga makofi kama wenzangu.

Halafu mwenyekiti wetu, kijana mstaarabu tu, akasema: "Ndugu wananchi, siku ya uzinduzi tuandae mazingira. Akina mama naomba mjitokeze na ndoo, tumwagie maji pale uwanjani, wageni wetu wasije wakala vumbi."

Watu wakaitikia vizuri kabisa. Mimi nikaacha kupiga makofi. Nilirudi nyumbani bila kuaga mtu.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma muelewe.

Mama yangu alikuwa Mgogo wa kijijini aliyeletwa mjini na ndoa. Jirani wote walimwita Mama Nyemo, Nyemo ndiye mimi. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, alifariki kwa ajali mimi nikiwa sekondari. Mama akabaki na nyumba ya Kizota, yenye uwanja mpana mbele, na akaanza kuuza uji wa ulezi kwa mafundi wa gereji.

Uji wake ulikuwa na sifa. Asubuhi mafundi walipanga foleni na mikono yao ya grisi, vikombe vya mama vya bati vinazunguka kutoka mkono huu kwenda ule.

Ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, palikuwa na kiwanda cha chokaa, ile ya kupaka nyumba. Wakati wa shirika la umma kiwanda kile kilikuwa kinalala zaidi ya kufanya kazi, mageti yana kutu, mbuzi wanaingia na kutoka wanavyotaka. Ndipo akaja mwekezaji.

Wakuu, tulifurahi. Nisiwe mnafiki, na mimi nilifurahi. Vijana walipata ajira na taa za kiwandani ziliwaka tena.

Ila na vumbi nalo likaanza. Malori yalipita mbele ya nyumba ya mama kutwa nzima, barabara ya udongo, yamejaa unga mweupe na turubai halifungwi. Unga unamwagika njiani, lori linalofuata linausaga na kuurusha juu. Mnaoijua Dodoma mnajua kiangazi upepo wetu ulivyo. Nguo ukianika zinarudi ndani zimekakamaa. Ukilamba mdomo, unasikia unawasha.

Mama akaanza kukohoa.

Mwanzo alisema ni mafua. Baadaye akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali walimpima kifua kikuu, hana. Daktari akamwambia mama kaa mbali na vumbi. Sasa akae wapi, kwenye mti?

Watu wa mtaa wakalalamika, na kwa kweli walilalamika vizuri, kwa adabu, kupitia kwa mwenyekiti wetu Mzee Shabani. Huyu alikuwa mzee wa mjini, familia yao ni wafanyabiashara tangu zamani, ana kanzu safi na maneno laini. Malalamiko yakafika kwenye ofisi ya serikali inayohusika. Ofisi ikasema haiwezi kuchukua hatua bila kipimo.

Hapo ndipo kituo kilipokuja. Ulikuwa mradi wa wafadhili, kila kitu siku zile kilikuwa mradi. Wakatafuta sehemu ya wazi, iliyo karibu na barabara na isiyo na miti. Wakachagua uwanja wa mama.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kolo, kule Kondoa. Niliporudi likizo nikakuta kitu uwanjani: nguzo ya chuma, juu yake kisanduku cheupe, pembeni seng'enge ya kuzuia kuku. Mama alinionyesha kama anayeonyesha mjukuu.

"Hiki kinavuta hewa," akaniambia. "Ndani wanaweka karatasi. Karatasi ikichafuka wanajua sisi tunakula nini."

Alikuwa amekielewa vizuri sana, tena kuliko wengi. Kisanduku chenyewe hakikufanya kazi kila siku. Hakikuwa na umeme. Siku ya kupima wataalamu walikuja na betri ya gari, wanaweka karatasi mpya asubuhi, wanawasha, jioni wanazima na kuondoka na karatasi yao. Na kabla ya kuja, walikuwa wanamwarifu mwenyekiti, mwenyekiti anamwarifu mama.

Shikeni hapo penye kuarifiwa.

Nikarudi Kolo nikiwa na matumaini. Nilijua sasa mambo yatakaa sawa, maana serikali imeleta mashine, na mashine haina undugu na mwekezaji. Ndivyo nilivyowaza, mwalimu mzima.

Likizo iliyofuata nimeshuka stendi, nimefika nyumbani asubuhi, mama yuko na sufuria yake ya uji. Amekonda. Mabega yamechomoza kwenye khanga. Mafundi wapo, lakini wachache.

Nikaona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Fundi mmoja alikuja na kikombe chake cha plastiki kutoka gereji. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuja na kopo. Vikombe vya mama vya bati vilikuwa vimepangwa kwenye beseni, vikavu, havijaguswa.

Nikamuuliza, mama, hawa siku hizi wana vikombe vyao?

Akasema, "Wamekuwa wasafi."

Ilibidi nikamuulize Mama Yona, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye pia alisali kanisa moja na mama. Huyu alizunguka weee, mwishowe akaniambia. Matokeo ya kipimo yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa, na ofisi ilisema hewa ya Kizota ni nzuri. Vipimo vyote walivyochukua vilionyesha hewa safi, hakuna tatizo, wananchi wachape kazi.

"Sasa kama si vumbi," Mama Yona akasema huku anaangalia chini, "watu wanajiuliza mama yako anakohoa nini."

Mlioishi miaka ile mmeshaelewa. Ule ugonjwa ulikuwa umeingia mjini na watu walikuwa wanazika kila wiki. Mtu akikonda na kukohoa, majirani wameshampima bila daktari. Na mama alikuwa mjane wa dereva wa masafa. Hata kifo cha baba, cha ajali ambayo watu waliuona mwili wake, kikaanza kusimuliwa upya.

Wakuu, niliumia. Sijui niandikeje. Mama yangu alikuwa na ugonjwa unaoonekana kwa macho, unapita barabarani kutwa umepakiwa kwenye lori, halafu karatasi ya ofisi ikaufuta na kumwachia aibu. Kituo kilichokuja kumtetea ndicho kilichomshtaki.

Nikasema hapana, kuna kitu hapa. Nikae nione hicho kipimo kinavyofanyika.

Sikusubiri sana. Kiwanda kilikuwa kimeomba kibali cha kufunga mashine ya pili ya kusaga, kwa hiyo ofisi ilitaka vipimo zaidi kabla ya kutoa jibu. Mzee Shabani akapita jioni akiwa na kanzu yake: "Mama Nyemo, kesho wageni."

Alfajiri nikasikia fagio. Mama anafagia uwanja, huku anakohoa. Kisha nikasikia maji. Nikatoka.

Mama alikuwa ameinama na ndoo, anachota kwa kopo, anamwagia uwanja wote. Maji yale ya kununua kwa mkokoteni, mnajua maji ya Dodoma siku zile. Mama Yona anamwagia upande wake. Akina mama wengine wanamwagia mbele ya nyumba zao. Uwanja umelala, unanukia mvua.

Hii kwetu ni desturi, sina haja ya kuwaeleza wenyeji wa huku. Mgeni akija, unafagia, unamwagia maji, vumbi linatulia, mgeni anakaa bila kupiga chafya. Mtu asiyemwagia uwanja siku ya mgeni anasemwa mwaka mzima. Mama alikuwa anawapokea wageni wa serikali jinsi alivyofundishwa na mama yake kupokea mgeni yeyote.

Bado nilikuwa nimesimama hapo na mswaki mdomoni, likatokea gari la maji. Bowzer, lina nembo ya kiwanda. Likaanza kumwagia barabara kuanzia getini kwao mpaka kona ya gereji, taratiiibu, linarudi, linakwenda tena.

"Meneja ametusaidia," mama akasema, uso umefurahi. "Alinikuta siku moja nahangaika na ndoo. Akasema mama utaumia, siku za wageni tutaleta gari."

Siku za wageni.

Siku nyingine zote za mwaka, watoto wanatembea na madumu kutafuta maji, gari lile lilikuwa limepaki ndani ya geti. Siku ya kipimo ndiyo lilijua njia. Na malori siku hiyo yalipita machache, turubai zimefungwa kama zawadi.

Wataalamu wakaja. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye miwani, watu walimwita Bwana Hewa, na hakuwa mtu mbaya wa maneno. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, akaitikiwa "Marahaba baba, mbukwa," ile salamu yetu ya Kigogo, akaketi. Viatu vyake vilikuwa na tope. Narudia, TOPE, kiangazi, Dodoma. Mama akamletea maji avisafishe.

Wakaweka karatasi, wakawasha betri. Jua lilipokuwa kali na ardhi ikaanza kukauka, mama akainuka na ndoo yake tena. Akamwagia kuizunguka ile nguzo. Bwana Hewa akanyanyua miguu apishe maji, huku anakunywa uji.

Jamani. Alinyanyua miguu!

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, kaka, samahani, huoni kwamba hapa panamwagiwa maji? Barabara nzima imelowa. Siku nyingine haiwi hivi.

Akanitazama kwa upole, kama mimi ndiye mwanafunzi, akasema: "Dada, sisi tunapima hewa. Hatupimi ardhi."

Mama alikuwa amesimama pale pale na ndoo. Alisikia. Aliacha kumwagia, akaweka ndoo chini.

Jioni karatasi ikatoka safi, nyeupe, ukitaka unaandikia barua.

Kesho yake nikaenda ofisini. Sitawachosha, mnazijua ofisi. Kaa pale, subiri, bosi yuko kikaoni. Mwishowe nikaonana na mmoja mwenye tai. Nikamweleza kila kitu, ndoo, bowzer, tope kwenye viatu. Nikamwomba waje siku moja bila kutoa taarifa.

Akasema utaratibu hauruhusu. Lazima mwenye eneo aarifiwe, ni haki yake. Nikamwambia mwenye eneo ni mama yangu na haki anayoitaka ni ya kupumua. Akacheka kidogo. Akasema kama mwenye eneo ana malalamiko kuhusu maandalizi ya kituo, aache kuandaa, wao hawamlazimishi.

Ilinichoma, maana ni kweli walikuwa hawamlazimishi.

Nikarudi nyumbani mbio. Nikamwambia mama, kumbe ni rahisi, siku ijayo usifagie, usimwagie, waache wakute Kizota ilivyo.

Akakataa.

Wakuu, nilibishana na mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia unawasafishia ushahidi wako mwenyewe. Nilimwambia wanakucheka. Akaniangalia akaniambia, "Nyemo, unataka mgeni aingie kwangu akae kwenye vumbi? Nikutane nao wapi tena kwa uso gani? Uwanja wangu haujawahi kulala mchafu mgeni anakuja. Hata siku tuliyomzika baba yako ulifagiwa."

Nikatoka nje na hasira zangu.

Jumapili tukaenda kanisani. Kanisa letu siku ya meza ya Bwana tunanywa kikombe kimoja, kinapita kutoka kwa mtu hadi mtu, mchungaji anafuta ukingo kwa kitambaa. Mama alizoea kupiga magoti upande wa mbele, yeye na Mama Yona, miaka yote.

Siku hiyo alipopiga magoti, Mama Yona akasogea. Aliyefuata naye akasogea. Sio kwa fujo, mtu anajifanya kurekebisha khanga, mwingine anampisha mtoto. Lakini mwishowe mama alikuwa peke yake mwisho kabisa wa mstari, kikombe kikamfikia wa mwisho, baada yake hakuna mtu.

Alikunywa. Akasimama, akarudi kwenye benchi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nalia mbele za watu bila aibu.

Tulipofika, akavua kitambaa cha kichwani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Wageni wakija tena, fagio lifiche wewe. Mimi nikiliona nitalishika."

Nikalifungia kabatini pamoja na ndoo.

Walikuja mara moja zaidi kabla likizo yangu haijaisha. Asubuhi ile mama alikaa mlangoni kwenye kigoda, mikono kaikunja. Nimemwona mama yangu akizika mume, nimemwona akikohoa damu baadaye, lakini sijamwona akiteseka kama asubuhi ile ya kuutazama uwanja wake mchafu huku anajua wageni wako njiani.

Akina mama wakaja na ndoo zao. Mama Yona mbele. "Mama Nyemo, umeamkaje leo? Unaumwa? Tukusaidie?"

Mama akasema, "Hakuna kumwagia."

"Wageni wanakuja!"

"Najua. Hakuna kumwagia kwangu. Na kwenu nawaomba."

Wakatazamana. Mama Yona akaanza kusema watatuonaje. Mama akamkatiza, na hapo ndipo sauti yake ilipotoka, kifua kile kibovu: "Watuone! Si ndicho walichokuja kufanya? Mimi nimewamwagia maji, wamesema hakuna vumbi. Kama hakuna vumbi, mimi nina nini, Mama Yona? Sema wewe, mbele ya hawa. Nina nini?"

Mama Yona akaweka ndoo chini. Mmoja baada ya mwingine wakarudi na maji yao.

Bowzer lilikuja. Mama akanyanyuka, akatembea mpaka katikati ya barabara, akaweka kile kigoda chake, akakaa. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Huyo dereva mama alimjua, alikuwa mteja wa uji. Akamtazama mama, akatazama getini, akarudi rivasi.

Malori, sijui nani alisahau kuyapanga, ama waliamini bowzer limeshapita, yalikuja kama kawaida yake.

Wataalamu walipofika, Bwana Hewa alishuka na kiatu kikazama kwenye unga. Akaweka karatasi, akawasha betri, akakaa. Lori la kwanza likapita. Akafunika uso kwa leso. La pili likapita, akavua miwani akaifuta. Uji tulimpa, mama asingekubali anyimwe, ila alifunika kikombe kwa kiganja.

Kabla ya saa sita alikuwa anakohoa, macho mekundu. Ndipo akageuka, akamwambia mama, tena kwa adabu kabisa:

"Mama, samahani, leo hakuna maji ya kumwagia hapa kidogo? Tutashindwa kukaa."

Kumbe alijua! Siku zote alijua maji yanafanya nini.

Mama akamjibu polepole, "Baba, ninyi si mnapima hewa? Hampimi ardhi."

Yule kijana aliinamisha kichwa. Jirani waliokuwa wamesimama mlangoni walisikia wote.

Jioni karatasi ilitoka rangi ya majivu, nene, inamwaga unga ukiigusa. Aliiingiza kwenye bahasha bila kumwangalia mtu.

Nilirudi Kolo nikiwa na furaha ya mshindi. Nilijua tumeshinda. Hata wanafunzi wangu walishangaa mwalimu amekuwa mpole.

Nilisubiri matokeo. Mkutano uliitwa Jumamosi moja, nikapanda basi la alfajiri kutoka Kondoa nije nisikie kwa masikio yangu. Yule mwenye tai ndiye aliyesoma. Hewa ya Kizota ni nzuri. Mashine ya pili imeruhusiwa. Kuna kipimo kimoja, akasema, hakikuingizwa kwenye ripoti.

Nikasimama. Kwa nini?

Akapekua, akasoma: kwa sababu siku hiyo kituo hakikuwa kimeandaliwa kama ilivyo kawaida.

Someni tena hapo.

Kipimo pekee cha kweli kilitupwa kwa sababu hatukumwagia maji! Uongo wetu wa heshima ndio uliokuwa "kawaida", na ukweli ukawa kasoro. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka sauti ikakatika. Mzee Shabani alinishika mkono akiniambia mwanangu, taratibu, taratibu. Bwana Hewa alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alitoka kabla ya mkutano kuisha.

Mashine ya pili ilifungwa. Ilisaga usiku na mchana kwa miaka, mpaka mwekezaji alipoondoka kwa sababu zake mwenyewe, hewa ikiwa bado "nzuri".

Mama hakupiga kelele mkutanoni. Alikaa tu. Ila wale akina mama waliokuwa na ndoo asubuhi ile walikuwepo, na wao waliiona karatasi ilivyotoka. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza maana yake.

Jumapili kesho yake kabla sijarudi shule tukaenda kanisani, na ilikuwa siku ya kikombe. Mama akaenda mwenyewe mwisho kabisa wa mstari, alikozoea sasa. Akapiga magoti. Nikamwona Mama Yona anainuka kutoka mbele, anapita nyuma ya watu wote, na mwili wake ule mnene, anapiga magoti baada ya mama.

Kikombe kikamfikia mama. Akanywa. Mchungaji akanyanyua kitambaa afute ukingo, Mama Yona akamshika mkono, akakivuta kikombe hivyo hivyo kabla hakijafutwa, akanywa.

Hiyo ndiyo ripoti pekee mama aliyowahi kupata.

Alifariki miaka michache baadaye kwa kifua kile kile. Vikombe vyake vya bati ninavyo, nanywea.

Wakuu, sipingi vituo. Mimi nilitaka kituo kuliko mtu yeyote hapa. Mashine inayopima kweli inaweza kumwokoa mtu na maneno ya watu kabla hata haijamwokoa na vumbi, nimeona hilo likikosekana kwa mama yangu. Ndiyo maana nina hasira. Kinachoua kituo ni pale aliye na cha kuficha anapojua siku ya kupimwa, na sisi wenye cha kuonyesha tunakisafisha kwa mikono yetu kwa sababu tumelelewa vizuri.

Najua mtaniambia mashine za siku hizi zinapima kila saa, huwezi kuzidanganya. Sawa. Basi mwenyekiti wangu anataka ndoo za nini?

Wenye uzoefu na vituo hivi mikoani kwenu njooni mniambie: vinasema kweli? Nani anasoma zile namba, na zikiwa mbaya nani anapigiwa simu? Mtakaokuja kunitukana pia karibuni, uji upo.

Mimi siku ya uzinduzi Nzuguni nitakuwepo mapema. Nitaenda na kigoda cha mama, nitakaa mbele ya zile ndoo. Mgeni wa kupima hewa mwacheni ale vumbi, ndilo alilolifuata.